Flopi ya 1.44 kwenye Atari ST

Flopi ya 1.44 MB inafanya kazi kwenye Atari ST, kompyuta ya miaka ya 1980, ila kama ya 720 KB tu. Ziba kile kitundu kisicho na kitelezi, kinachoiambia draivu kuwa flopi ni ya 1.44, kwa tepu ya wapiga rangi. Selotepu angavu haifai, maana draivu nyingine hukagua kitundu kwa mwanga. Na ile nyeusi ya umeme gundi yake huyeyuka kwa joto la Mwanza, ikabaki ndani ya draivu.

Kisha iformati kwenye PC yenye Windows XP na draivu ya ndani: format a: /t:80 /n:9. Usiiformati kwenye ST yenyewe kama ina TOS (mfumo endeshi wake) 1.0 au 1.02, PC itaikataa baadaye. Draivu za USB ni bahati nasibu, baadhi hazijui kabisa 720.

Tatizo lipo kwa flopi iliyowahi kuformatiwa 1.44. Utando wake wa ndani unahitaji sumaku yenye nguvu zaidi ili kufutika, kwa hiyo alama za zamani hubaki chini na baada ya miezi makosa ya kusoma huanza. Ifute kwanza kwa sumaku ya spika, au tafuta mpya.

Kwa zilizokaa makabatini huku ziwani: sukuma kile kibati, zungusha kitovu polepole, tazama utando wa kahawia. Ukiona madoa meupe ni ukungu, usiiingize. Itachafua kichwa cha draivu, nacho kitakwangua kila flopi inayofuata.