Jibu: Mkono unaganda nikijaribu picha dhahania
Salaam ndugu. Umesema kila ukichora unafuta, na ukijaribu picha dhahania, yaani isiyoonyesha kitu kama kilivyo, unabaki kuikodolea macho karatasi tupu. Nilikwama hapohapo kwa muda mrefu.

Kwanza kabisa, kifutio. Kiweke mbali, chora kwa kalamu ya wino. Kisha tazama kitu kimoja, kwa mfano kiganja chako, ufuatishe ukingo wake kwa mstari mmoja bila kuangalia karatasi. Kitatoka kimepinda, na ndivyo inavyotakiwa, maana jicho linaacha kuusimamia mkono.

Usiitafute dhahania hewani. Mondrian, mchoraji Mholanzi wa picha dhahania, alianza na mti: kati ya 1908 na 1912 aliurudia hadi matawi yakabaki mistari na matao. Chukua mchoro wako mmoja, urudie mara 10, kila mara ukiondoa kitu. Kwangu mambo yalifunguka kwenye wa 6 hivi, nilipoacha kuuliza "kinafanana?" nikaanza kuuliza "mstari huu si mzito mno?"

Haya nimeyafanya kwa wino na mkaa tu. Rangi za mafuta waulize wanaozitumia. Hizo karatasi usizitupe, ziandike tarehe.