Kwa Kijana Aliyeomba Asisikie Kitu

Juzi kijana mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Amebatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi huku bado wanaliita la Wamormoni. Kitabu cha Mormoni, mojawapo ya maandiko matakatifu ya kanisa hilo, amekisoma hadi mwisho, na alipofika Moroni 10:4 alifanya kama alivyoelekezwa: akapiga magoti, akamwuliza Mungu kama mambo hayo ni ya kweli. Kimya. "Dada, Jumapili ya mfungo watu wanasimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda: 'Najua ni kweli, najua ni kweli.' Mimi nimekodolea viatu vyangu macho. Niendelee kwenda au niache?"

Kama wewe ni msomaji wangu wa siku zote, nawe pia unatafuta imani isiyo ya kuigiza. Basi acha niwasimulie yangu.

Kanisani niliingizwa na kaka yangu. Ndiye aliyewakaribisha wamisionari nyumbani, ndiye aliyetangulia kubatizwa, na ndiye aliyetoka. Mimi nikabaki. Tangu hapo hatukai meza moja bila kubishana, na hoja yake ni ile ile: imani haichaguliwi. "Jana umeanika nguo nje mchana kutwa, zimekauka. Sasa nikuambie uchague kuamini kwamba mvua ilinyesha. Utachagua vipi?" Kwake, mtu ama ameshawishika ama hajashawishika, na kinachobaki ni kujilazimisha.

Ana hoja nzito kuliko hiyo. Hadi Juni 1978, wanaume Weusi wenye asili ya Afrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani, na familia kama zetu hazikuweza kuunganishwa hekaluni kama familia za milele. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo na kuzikana nadharia zilizotumiwa zamani kuhalalisha marufuku hiyo. Kaka huyasoma maelezo hayo kwa sauti kama wakili mahakamani. Mimi huwa sina la kumjibu, na sijifanyi ninalo. Hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025, baada ya miaka mingi ya Wakenya kusafiri hadi Johannesburg, nililia, na haikuwa furaha tupu.

Ila kilichonitoa jasho zaidi ni kikombe cha chai, kinywaji ambacho kanisa letu linakikataza.

Mama mkwe wangu alichuma majani chai Kericho ujana wake wote. Nilipokwenda kwake mara ya kwanza kama mke wa mwanawe, alinimiminia mwenyewe, chai nzito ya maziwa, utando umeshaanza kujikunja juu. Nikasema, "Mama, asante sana, mimi nitakunywa maji." Akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Hii chai ndiyo iliyomlipia mume wako karo." Akakisukuma kwa wifi yangu, na hakunisemesha tena hadi jioni. Wifi naye hakuniacha: "Kwa hiyo Wazungu wa Utah, huko Marekani kwenye makao makuu ya kanisa lenu, wamekukataza chai ya hapa Kericho, nawe ukaitikia?" Akacheka peke yake.

Siku hizi mama hunichemshia maziwa na tangawizi, na wageni huwaambia nina matatizo ya tumbo. Simkosoi.

Aliyenichoma ni kiongozi mmoja wa kanisa niliyemsimulia haya nikitafuta faraja. Akaniambia kwamba ningekuwa na ushuhuda wenye nguvu, mama mkwe angeguswa na kuja kubatizwa. Nimemsamehe, nadhani. Lakini nikimwona mpaka leo hubadilisha benchi.

Kaka aliposikia alifungua Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko yetu, sehemu ya 89, lile Neno la Hekima la 1833 kuhusu vya kula na kunywa, akaniwekea kidole kwenye mstari wa pili: halikutolewa kwa amri wala kwa shuruti. Tena mistari yenyewe inataja vinywaji vya moto tu. Viongozi ndio waliofafanua kwamba ni chai na kahawa, na mwaka 1921 kulishika kukawa sharti la kuingia hekaluni. "Umekosana na mama mkwe kwa sababu ya ushauri," akasema.

Sikiliza nilichomjibu, kijana, kwa maana ndilo jibu lako. Nilimwambia sijawahi kupata uthibitisho wowote kwamba Mungu ana ugomvi na chai. Niliacha kwa sababu nilipobatizwa niliahidi. Kushawishika siwezi kujichagulia, hapo kaka amesema kweli. Ila ahadi nachagua. Nachagua nitakaa na nani Jumapili, nitamwomba nani nikiamka, nitafungua kitabu gani kabla ya kulala. Imani yangu imekulia humo, polepole, na kuna miezi mizima hainipi kitu.

Na maandiko yenyewe hayakudai zaidi. Katika Kitabu cha Mormoni, Alma sura ya 32, imani inaanza na hamu ya kuamini, basi. Sehemu ya 46 ya Mafundisho na Maagano inasema wengine wamepewa kujua na wengine wamepewa kuamini maneno yao, na vyote viwili ni vipawa. Sasa nani alituamuru tuwanong'onezee watoto wadogo neno "najua" kwenye maikrofoni? Ndugu zangu, tuache! Kila anayesema najua na hajui anamwongezea mzigo aliyeketi nyuma akidhani yuko peke yake. Nanyi mliotoka, acheni kutuambia sisi tuliobaki kwamba hatujasoma historia. Tumeisoma. Wengine tumeilia.

Kwa hiyo, kijana, kama hamu unayo, nenda. Usisimame kusema usichokuwa nacho. Ukisimama, sema unatumaini, na ukae chini. Shika amri kwa sababu uliahidi, wala usiishike kama chambo cha kumvutia Mungu ajibu. Na kama utaondoka, mwambie askofu wako na mama yako kwa mdomo wako mwenyewe, wasilisikie kwa majirani. Kaka yangu hakufanya hivyo. Mama yetu alijulia sokoni, na hilo ndilo bado tunagombania kuliko mafundisho yote.

Ulimalizia kwa kuuliza habari za zaka, kwamba unadaiwa miezi yote ambayo hujapata kazi. Zaka ni sehemu ya kumi ya kipato. Kama hujapata kitu, hudaiwi kitu.