Anza na pale wanafunzi wanapokwama

Walimu wenzangu hapa Moshi huniuliza sana: "Nitumie programu gani darasani?" Nami huwarudishia swali: katika somo lako, ni mada gani inayowakwamisha wanafunzi kila mwaka? Hapo ndipo pa kuanzia. Kifaa huchaguliwa mwishoni.

Mimi nafundisha jiografia, na wangu hukwama kwenye kontua. Mwanafunzi atakariri vizuri kwamba ni mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Mpe ramani ya 1:50,000, haoni mlima, anaona michirizi ya kahawia tu. Na Kilimanjaro yenyewe iko dirishani, mawingu yakiwa hayajaifunika! Kinachomshinda ni kulitazama umbo kutoka juu.

Dawa ya kwanza haitaki umeme. Kata kiazi kikubwa katikati, kilaze kwenye beseni, mimina maji hadi sentimita moja, kisha uchore kwa kalamu pale maji yalipoishia. Ongeza sentimita nyingine, chora tena. Ukimaliza, mwaga maji na upige picha kwa simu ukiwa umeishika juu kabisa ya kiazi. Picha hiyo ni ramani ya kontua, na wanafunzi wameitengeneza wenyewe. Waulize kwa nini upande mmoja mistari imebanana. Usiwajibie.

Hapo sasa kompyuta ina kazi ya kufanya. Kwenye Google Earth Pro, programu ya kutazama ardhi kwa picha za setilaiti, chora mstari juu ya Kilimanjaro kutoka uwanda wa Shira, upite kilele cha Kibo hadi kilele cha Mawenzi, lakini usifungue bado mchoro wa mwinuko, yaani ule unaoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka kwenye mstari huo. Kila mmoja asome ramani ya karatasi na achore daftarini umbo analolitarajia. Kisha fungua. Kibo inapanda hadi mita 5,895, ardhi inashuka kwenye eneo la bapa, halafu Mawenzi inachomoka hadi mita 5,149. Kubishana kwao kuhusu nani alikosea wapi ndiko kipindi chenyewe. Wape muda wa kutosha. Hakikisha tu kipimo cha kukuza mwinuko wa mandhari (Elevation Exaggeration) kiko kwenye 1; kikizidi hapo, miteremko ya mlima kwenye skrini itaonekana mikali kuliko ilivyo.

Wazo hili lina wenyewe. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba kujua somo na kujua kulifundisha haviwezi kutenganishwa. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, wakaongeza teknolojia kama sehemu ya tatu, iliyosukwa pamoja na hizo mbili. Naamini semina nyingi za kompyuta tunazopewa walimu zinaikosa shabaha kwa sababu hii: zinafundisha vitufe, somo halitajwi.

Kuhusu intaneti na umeme: lifungue eneo hilo nyumbani jioni, ulikuze kila pembe utakayoitumia, maana programu huhifadhi ulichokwisha kukitazama. Chaji kompyuta usiku. Projekta ikikosekana, makundi yapokezane huku mengine yakiendelea na viazi.

Mtihani wa taifa utakuja kwenye karatasi. Kwa hiyo kipindi kinachofuata zima vifaa vyote, gawa ramani ya mahali wasipopajua, na uwaulize mteremko mkali uko wapi. Atakayeshindwa mrudishe kwenye kiazi kabla hujamwonyesha kompyuta tena.