Jibu: Video ya harusi ya GB 6 inakataa kuingia kwenye memori kadi

Ndugu yangu, umesema kadi ina nafasi tele lakini video inakataa. Inaelekea kadi imefomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili), na hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi ikiwepo. Kwa hiyo ibane video, ishuke chini ya GB 4.

Pakua HandBrake, programu ya kompyuta ya kubana video, ni ya bure. Chagua MP4 (aina ya faili) na H.264 (mbinu ya kubana picha). H.265, mbinu mpya zaidi, hutoa faili dogo zaidi, ila simu nyingi za zamani huhangaika nayo: picha hukwamakwama na chaji huisha haraka. Shusha picha hadi 720p (picha yenye mistari 720 kwenda juu), kwenye kioo cha simu hutaona tofauti kubwa. Kisha weka RF, yaani namba ya ubora, iwe 22. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: namba ikipanda, faili hupungua na ubora hushuka. Anza na kipande cha dakika 2 chenye watu wanaocheza, maana mwendo mwingi ndio unaofichua ubovu. Nyuso zikianza kuvunjika vipandevipande, rudi 20. Sauti, AAC (mbinu ya kubana sauti) ya 128 kbps inatosha.

Tafadhali sana, faili la asili usilifute. Ukibana tena lililokwisha kubanwa, ubora uliopotea haurudi.