Kibodi ndogo: kuflashi ni rahisi, kazi iko kwenye kupanga vitufe

Kibodi ya vitufe 42, kama Corne, haina safu ya tarakimu wala ya F1 hadi F12. Vyote hivyo vinakaa ndani ya programu dhibiti (programu inayoendesha kibodi yenyewe), kwenye matabaka unayoyapanga mwenyewe, yaani kila tabaka huvipa vitufe vilevile kazi nyingine. Kwa hiyo ipe ramani ya vitufe muda wako mwingi.

Ila kabla ya kukompaili chochote, yaani kugeuza msimbo kuwa faili la programu, jua unaingiaje kwenye butiloda, programu ndogo inayopokea programu dhibiti mpya unapoflashi. Bodi zenye chipu ya RP2040 hazisumbui: shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka USB, itatokea diski iitwayo RPI-RP2, nakili humo faili lako la .uf2, basi. Bodi nyingi za Pro Micro zenye chipu ya ATmega32U4 hutaka uguse riseti mara mbili upesi, kisha una sekunde 8 tu za kuanza kuandika. Kasha likishafungwa, riseti inaweza kuwa haifikiki tena, ndiyo maana kila ramani yangu ya QMK (programu dhibiti ninayotumia) ina QK_BOOT, kitufe cha kuingia kwenye butiloda, kwenye tabaka la mwisho, mbali na vidole.

Pro Micro ya ATmega32U4 ina kumbukumbu ya KB 32, na butiloda inakula 4. Ikijaa, usikimbilie kufuta matabaka. Weka LTO_ENABLE = yes (hupunguza ukubwa wa programu) kwenye faili la rules.mk, zima CONSOLE_ENABLE (ujumbe wa kutafutia hitilafu).

Panapohitaji subira ni kwenye vitufe vya kazi mbili, kwa mfano A inayogeuka Ctrl ukiishikilia. QMK husubiri milisekunde 200 ndipo iamue. Ctrl ikijitokeza bila kuitwa, ongeza muda huo. Ikichelewa kuitika, punguza. Usikompaili upya kwa kila jaribio! Washa DYNAMIC_TAPPING_TERM_ENABLE, weka DT_UP, DT_DOWN na DT_PRNT (kuongeza, kupunguza na kuandika muda huo) kwenye tabaka mojawapo, kisha fanya kazi zako za kawaida huku ukirekebisha. Thamani hiyo hupotea ukichomoa waya, kwa hiyo ukiridhika bonyeza DT_PRNT ikuandikie namba, uihamishie kwenye faili la config.h. Kidole kidogo cha mwisho ni kizito kuachia kitufe. Mimi hukipa muda wake peke yake kwa TAPPING_TERM_PER_KEY, na naona hapo ndipo uandishi wangu ulipotulia.

Kama kibodi ni ya vipande viwili, flashi pande zote mbili. Na chomoa USB kwanza kabla ya kugusa waya wa TRRS unaoviunganisha: plagi yake hugusanisha njia za umeme inapotoka, na chipu inaweza kuungua.