Fundi Anajibu: Shreda imekwama

Swali: Fundi, mimi ni karani kwa wakili hapa Upper Hill. Shreda yetu, ile mashine ya kukatakata karatasi, imekwama tangu mtu aingize rundo zima la karatasi, pini na yote. Mwenzangu anataka kuipulizia dawa ya kopo ya kulegeza kutu. Nimruhusu?

Jibu: Dada, mnyang'anye hilo kopo! Dawa nyingi za kupuliza zina gesi inayoshika moto, na mota inaweza kutoa cheche. Nyie wa ofisini mnaniogopesha kuliko umeme wenyewe.

Chomoa plagi ukutani. Shreda nyingi huanza kuzunguka zenyewe sensa ya mdomoni, kile kinachohisi karatasi, ikiguswa, kwa hiyo usiiamini swichi. Mwaga pipa; likijaa, vipande hurudi juu na kubana meno. Kisha vua kile kitambulisho cha shingoni, funga nywele, chomeka, ubonyeze kitufe cha kurudisha nyuma kidogo kidogo.

Ikigoma, chomoa tena. Tumia koleo yenye mdomo mrefu, vuta ukanda mmoja mmoja kuelekea juu, ukianzia pembeni ambako karatasi haijabanwa sana. Vidole, hata kama umeme umekatwa, viweke mbali: yale meno ni makali.

Ikinyamaza kabisa, huenda mota imepata joto na kujizima. Iache ipoe nusu saa hivi. Ikishafunguka, paka mafuta ya shreda juu ya karatasi moja, uipitishe.

Na huyo wa rundo zima, mwonyeshe idadi ya karatasi iliyoandikwa kwenye mfuniko.