Malawi haijaruhusu ukahaba, soma hukumu yenyewe

Mtoa mada umeuliza: ikiwa mahakama ya Malawi imeruhusu ukahaba, sisi Zanzibar tutapona? Nimefanya usaidizi wa sheria hapa Unguja mjini, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, Malawi haikuruhusu kitu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malawi, iliyokaa Zomba, iliwafutia hatia wanawake 19 waliokamatwa Dedza kwa kosa la kuishi kwa mapato ya ukahaba. Jaji Zione Ntaba alisema kifungu kile kinamlenga anayemtumia mwanamke kuchumia pesa, si mwanamke mwenyewe. Basi. Afrika Kusini ndiyo kabisa, Mahakama ya Katiba ilikataa mwaka 2002 kuifuta sheria inayokataza biashara hiyo. Ila mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya kazi ikasema kahaba aliyeachishwa kazi kwenye nyumba ya masaji bila kusikilizwa ana haki ya kulindwa asiachishwe kazi isivyo haki. Biashara kosa, mtu bado mtu.

Aliwahi kuja kwetu dada mmoja, uso umevimba. Mteja kampiga, kamnyang'anya simu na pesa. Nikamsindikiza kituo cha polisi. Swali la mwanzo: "Saa nane za usiku ulikuwa ukitafuta nini kule?" La pili, anaishi na nani. La kipigo halikuulizwa. Akanivuta mkono: "Twende zetu bibie, watanitia ndani mie." Tukaondoka bila hata fomu ya matibabu. Aliyempiga hajatafutwa hadi leo.

Mnaosema zina ni haramu, hata mimi nasema ni haramu. Lakini kadhi wetu anasikiliza ndoa, talaka, mirathi. Jinai ina Sheria ya Adhabu namba 6 ya 2018, na kwa sheria hiyo kupiga na kunyang'anya ni makosa, aliyepigwa awe nani. Hukumu ya Zomba haiifungi Mahakama Kuu ya Zanzibar, wakili ataitaja kumshawishi jaji tu. Kubadili sheria ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, na sijamuona mwakilishi wa kupeleka hoja hiyo kisha akaombe kura Micheweni, kule Pemba!

Kwa hiyo lala usingizi. Na kama unamjua aliyefanyiwa kama yule dada, asiende kituoni peke yake. Hospitali ya Mnazi Mmoja kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na mshauri pahala pamoja. Aanzie huko, majeraha yaandikwe kabla hajaulizwa mambo ya usiku.